Kitunguu saumu, tangawizi, manjano au mdalasini: upi unagusa kuganda kwa damu, na upi unakufaa wewe

Kila anapotokea mtu kuuliza kitu cha asili cha kulainisha damu, mimea hii minne hutajwa kwa mkupuo mmoja, kana kwamba kazi yake ni ileile na tofauti ni ladha tu. Ukiitazama mmoja mmoja unakuta mambo mengine kabisa. Mmoja unagusa kuganda kwa damu kweli, wa pili unagusa kidogo na kwa kiasi kikubwa tu, wa tatu unategemea umeuchukua kwa sura gani, na wa nne umepewa sifa isiyo yake. Nimeipanga hapa kwa kulinganisha, kwa sababu swali la "upi una nguvu zaidi" silo litakalokusaidia kuchagua. Litakalokusaidia ni hili: tayari unameza dawa gani, na mmea huo unaingia mwilini kama kiungo cha chakula au kama kidonge?

Kinachocheleweshwa ni nini hasa

Ukijikata kidole, hatua ya kwanza hufanywa na chembe sahani, vipande vidogo mno vinavyoelea ndani ya damu. Zinafika kwenye jeraha, zinanata, zinaita nyingine, zinaziba kwa muda. Hatua ya pili ni ya protini zinazotengenezwa na ini: zinaamshana moja baada ya nyingine mpaka nyuzi za fibrini zifumwe juu ya ule mzibo na kuukaza.

Aspirini inagusa hatua ya kwanza. Inafunga kimeng'enya cha COX-1 ndani ya chembe sahani, na kwa kuwa chembe hiyo haina kiini, haiwezi kutengeneza kingine. Inabaki hivyo maisha yake yote, ambayo ni siku 7 hadi 10. Warfarini, dawa ya hospitali ya kuzuia damu kuganda, inagusa hatua ya pili. Inalizuia ini lisiirejeshe vitamini K katika hali ya kutumika tena, na bila vitamini hiyo protini za kugandisha namba II, VII, IX na X zinatoka zikiwa hazina uwezo. Kwa njia zote mbili damu haigeuki kuwa maji wala haipungui uzito. Inachukua muda mrefu zaidi kuganda, basi.

Sasa, mimea ya jikoni karibu yote, pale inapofanya kitu, inagusa chembe sahani. Ndiyo maana mtu mwenye vali bandia ya moyo, au mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, au aliyewahi kupata donge la damu mguuni, hawezi kuweka kitunguu saumu mahali pa warfarini hata akila kiasi gani. Dawa yake inafuatiliwa kwa kipimo cha INR, namba inayoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda: kwa wengi lengo ni kati ya 2 na 3, na kwa baadhi ya wenye vali bandia ni 2.5 hadi 3.5. Chini ya hapo donge linaweza kujijenga na kusababisha kiharusi. Juu sana ya hapo anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Hakuna kikombe cha chai kinachoweza kuongozwa kwa usahihi huo. Nalisema mapema kwa sababu uamuzi wa kuacha dawa kimyakimya na kuhamia kwenye mizizi ndio unaogharimu maisha ya watu, kuliko mizizi yenyewe.

Kitunguu saumu na tangawizi

Kati ya mimea ya jikoni, kitunguu saumu ndicho ninachokichukulia kwa uzito zaidi katika suala hili.

Punje ikiwa nzima haina harufu kali. Ndani yake kemikali iitwayo alini imekaa upande wake na kimeng'enya kiitwacho alinasi upande wake. Kisu au kinu kinapovunja kuta zinazovitenganisha, viwili hivyo vinakutana na alisini inazaliwa papo hapo. Ndiyo ile harufu inayopanda puani. Alisini haikai sana. Inavunjika na kutoa vitu vingine, kimojawapo ajoini, ambayo kwenye vipimo vya maabara huzuia chembe sahani zisishikane.

Kwa hiyo namna ya kukiandaa ina maana kuliko idadi ya punje. Moto unaua alinasi: punje nzima iliyotupwa kwenye mchuzi unaochemka haitoi alisini ya maana, na athari yake kwa damu ni ndogo mno. Iliyopondwa ikaachwa dakika 10 hivi kabla ya kuingia chunguni hubakiza sehemu ya nguvu zake. Iliyopondwa na kuliwa mbichi ndiyo kali. Mwaka 1990 jarida moja la upasuaji wa ubongo na neva lilieleza habari za mzee wa miaka 87 aliyevuja damu kwenye mfereji wa uti wa mgongo bila kuanguka wala kugongwa. Chembe sahani zake zilikuwa hazifanyi kazi sawasawa, na alikuwa na mazoea ya kula punje nne hivi kila siku. Ni mgonjwa mmoja, na hatuwezi kujenga sheria juu ya mtu mmoja. Lakini anatosha kutuonyesha kwamba chakula nacho kinaweza kufika kwenye kiwango cha dawa.

(Jambo la pembeni, ila la lazima: anayeloweka kitunguu saumu kibichi kwenye mafuta asikiache nje ya friji. Bakteria wa botulizimu hustawi humo bila kubadili harufu wala ladha.)

Vidonge vya kitunguu saumu navyo havifanani. Kuna vya unga mkavu, vya mafuta, na vya dondoo lililozeeshwa kwa miezi mingi. Hilo lililozeeshwa halina alisini ya kutajika, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kwa wagonjwa wa warfarini waliokuwa wakifuatiliwa kwa karibu, halikuongeza kutokwa na damu. Hayo ni matokeo ya aina moja ya kidonge, kwa watu waliokuwa wakipimwa. Usiyahamishie kwenye kopo lingine lenye picha ya kitunguu.

Tangawizi ni mpole zaidi. Mbichi ina jinjeroli. Ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli hugeuka kuwa shogaoli, ndiyo maana ya unga huwasha kwa namna yake. Vyote viwili vinaweza kupunguza thromboksani, ile kemikali ambayo chembe sahani huitumia kuitana. Tatizo ni kiasi. Watafiti waliowapa wagonjwa wa moyo gramu 4 za unga kwa siku, kwa miezi mitatu, hawakuona mabadiliko katika chembe sahani; walipotoa gramu 10 kwa mara moja, ndipo kushikana kulipopungua. Gramu 10 za unga ni kama vijiko vitano vya chai, kiasi ambacho tumbo lenyewe litakilalamikia. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti mwingine uliowapa watu wenye afya warfarini pamoja na tangawizi, na tangawizi haikubadilisha INR.

Ukinilazimisha kuchagua mmoja kati ya hii miwili kwa mtu anayetaka kinywaji cha kila siku bila wasiwasi, nitasema tangawizi, vipande vichache kwenye maji ya moto. Ukiniuliza upi nisingependa mtu anayetumia aspirini au klopidogreli (dawa nyingine inayozuia chembe sahani) autafune mbichi kila asubuhi, nitasema kitunguu saumu.

Manjano: mchuzi ni kitu kimoja, kopo ni kitu kingine

Unga wa manjano una kurkumini kama asilimia 3 tu. Kijiko kimoja kinachoingia kwenye sufuria ya familia kinaacha miligramu chache kwenye sahani ya kila mtu, na hizo nazo utumbo unazipokea kwa shida. Ini linazivunja haraka na nyingi hutoka bila kuingia kwenye mzunguko wa damu. Anayekula manjano ndani ya chakula hana sababu ya kuogopa damu yake.

Kopo la vidonge limetengenezwa kwa makusudi ya kuvuka vizuizi hivyo. Kurkumini imekolezwa, mara nyingi miligramu 500 au zaidi kwa kidonge, halafu imeongezwa piperini ya pilipili manga. Mwaka 1998 watafiti walionyesha kwamba miligramu 20 za piperini zikiandamana na gramu 2 za kurkumini hupandisha kiasi kinachoingia kwenye damu kwa asilimia 2,000. Piperini haichagui: inapunguza kasi ya mwili kuvunja kurkumini, na inaweza kufanya hivyohivyo kwa dawa nyingine ulizomeza.

Mwaka 2018 Medsafe, mamlaka ya usalama wa dawa ya New Zealand, ilitoa tahadhari baada ya mgonjwa aliyekuwa ametulia kwenye warfarini kuongeza bidhaa ya manjano, na ndani ya wiki chache INR yake ikapita 10. Kumbuka lengo ni 2 hadi 3. Mtu mwenye 10 anaweza kuvuja damu kwenye ubongo kwa kujigonga tu kwenye mlango wa kabati. Isitoshe, vidonge vya manjano vimehusishwa na madhara ya ini katika nchi kadhaa, jambo ambalo halisikiki kwa wanaokula mchuzi.

Kwa hiyo hapa ulinganisho wangu ni kati ya manjano na manjano yenyewe. Ya chakula: endelea. Ya kidonge: ikiwa unatumia dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda, iache dukani.

Mdalasini na hadithi ya ng'ombe waliovuja damu

Sifa ya mdalasini ya kulainisha damu imetoka mbali, na inastahili kufuatwa hadi shina lake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, ng'ombe wa Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani walianza kufa kwa kutokwa na damu baada ya mambo madogo kama kukatwa pembe. Daktari wa mifugo Frank Schofield aligundua kwamba walikuwa wamelishwa klova tamu, aina ya majani ya malisho, iliyoota ukungu ghalani. Klova nzuri haikuwadhuru. Mwaka 1933 mkulima mmoja alifika kwenye maabara ya Karl Link, Chuo Kikuu cha Wisconsin, akiwa na debe la maziwa lililojaa damu ya ng'ombe ambayo haikutaka kuganda. Ilichukua maabara hiyo hadi 1939 kukipata kilichokuwa ndani yake: dikumaroli. Kutoka kwenye dikumaroli ndipo ilipotengenezwa warfarini, iliyouzwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948 na kuruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954.

Klova tamu ina kemikali iitwayo kumarini, na mdalasini nao una kumarini. Hapo watu wakaunganisha: mdalasini basi una kile kilichozaa warfarini. Lakini kumarini peke yake haizuii damu kuganda. Ni ule ukungu wa ghalani ulioigeuza kuwa dikumaroli. Mdalasini mkavu na safi haupiti njia hiyo.

Tatizo la kweli la kumarini liko kwenye ini. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya imeweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, yaani miligramu 6 kwa mtu wa kilo 60. Mdalasini wa kasia una takriban miligramu 3 katika kila gramu, na wakati mwingine zaidi. Gramu mbili tu, ambazo hazifiki hata kijiko cha chai kilichojaa, zinamfikisha mtu huyo kwenye kikomo. Mdalasini wa Ceylon una kumarini kidogo mno.

Ukishika vijiti utaona tofauti bila kuuliza. Wa kasia ni gome nene, gumu, jekundujekundu, limejikunja mara moja na kuacha uwazi mkubwa katikati. Ukijaribu kulivunja vidole vinauma. Wa Ceylon ni tabaka nyingi nyembamba zilizoviringishwa pamoja, rangi yake hafifu, unavunjika kwa kubonyeza. Vikishasagwa, jicho halitakusaidia tena. Anayetumia mdalasini kila siku, kwa sababu yoyote ile, anunue vijiti na achague wa Ceylon. Na asitegemee utamfanyia kitu damu yake.

Mingine kwa ufupi

Karafuu ina eujenoli, ambayo kwenye maabara huzuia chembe sahani kwa nguvu. Punje tatu za pilau hazifiki huko, ila mafuta ya karafuu ya kumezwa ni habari nyingine na sishauri kuyameza hata kidogo.

Ginko, dondoo la majani ya mti wa ginko, imeogopwa sana, na ushahidi umekuwa mtulivu kuliko hofu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia wazee 3,069, nusu wakipewa miligramu 120 mara mbili kwa siku. Ginko haikuzuia kupoteza kumbukumbu, na kutokwa na damu hakukuzidi kwa kiasi cha kutiliwa maanani. Kama haikusaidii na una dawa ya damu juu yake, sioni sababu ya kuichagua.

Gome la mti wa wilo lina salisini, ndugu wa aspirini. Wengi hudhani ni aspirini ya asili. Kinachoipa aspirini nguvu ya kufunga COX-1 moja kwa moja ni kikundi cha asetili kilichoongezwa na wanakemia, nacho hakimo kwenye gome. Kwa maumivu ya mgongo linaweza kukufaa. Kwa kulinda moyo halishiki nafasi ya aspirini. Asiyevumilia aspirini kwa sababu ya mzio aliepuke.

Danshen na dong quai, zinazotumika sana katika tiba za Kichina, zimeripotiwa kupandisha INR kwa watumiaji wa warfarini. Hizo mbili nazikataza bila kusita kwa mtu wa warfarini. Chai ya kamomili ya mara mojamoja haina shida, lakini mwaka 2006 jarida la madaktari wa Kanada liliripoti mwanamke wa miaka 70 aliyevuja damu ndani baada ya kuitumia kwa wingi, kwa kunywa na kwa kupaka, akiwa kwenye warfarini.

Halafu kuna inayovuta upande wa pili, na hii husahaulika. Hypericum perforatum, mmea unaouzwa kwa ajili ya huzuni, huliharakisha ini kuivunja warfarini, na hupunguza pia nguvu ya rivaroksabani na apiksabani, dawa nyingine za kuzuia damu kuganda. Ginseng ya Marekani imeonekana kushusha INR. Mboga za majani za kijani kibichi iliyokolea zina vitamini K nyingi. Mboga usiziache; kula kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, dozi ya dawa ipangwe kwa kufuata sahani yako.

Wewe uko wapi kati ya hawa?

Kama huna dawa yoyote ya damu, huna vidonda vya tumbo wala ugonjwa wa kutokwa na damu, mimea yote minne ya jikoni ni yako kwa kiasi cha chakula. Chagua kwa ladha. Usitarajie ikukinge na kiharusi. Kupima shinikizo la damu na kuacha sigara kutakufanyia mengi zaidi.

Ukiwa kwenye aspirini ya dozi ndogo au klopidogreli, pika upendavyo, epuka kitunguu saumu kibichi cha kila siku na vidonge vyote vya mimea vyenye sifa ya damu. Dawa yako na mmea vinasukuma hatua ileile, na wa kwanza kuumia mara nyingi ni ukuta wa tumbo.

Ukiwa kwenye warfarini, neno la kushika ni usawa. Kilichokuwemo kwenye chakula chako wakati dozi ilipopangwa kibaki vilevile. Ukitaka kuongeza au kuacha chochote, mwambie anayekufuatilia kabla, na INR ipimwe tena ndani ya siku 3 hadi 7, maana mabadiliko hujitokeza baada ya siku kadhaa. Wanaotumia rivaroksabani au apiksabani hawapimwi INR mara kwa mara, na ndiyo sababu wanahitaji uangalifu zaidi: hakuna namba itakayowaonya.

Kabla ya upasuaji au kung'oa jino, sema kila unachomeza. Beba kopo lenyewe, kwa sababu jina la mmea peke yake halionyeshi dozi wala kilichochanganywa. Mapitio yaliyochapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2001 yalipendekeza kuacha vidonge vya kitunguu saumu na ginseng siku 7 kabla, na ginko saa 36. Madaktari wengi wa usingizi huomba wiki mbili kwa vyote. Dawa za hospitali usiziache mwenyewe kwa hesabu hizo. Hizo zina ratiba yake.

Na yeyote aliye kwenye dawa za damu, awe anatumia mimea au la, azijue dalili hizi: choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, michubuko inayotokea bila kugongwa, damu ya pua isiyokoma baada ya kubanwa dakika 10, kichwa kinachouma ghafla kuliko kilivyowahi kuuma. Akianguka na kugonga kichwa, aende hospitali siku hiyohiyo hata kama anajisikia mzima, kwa kuwa damu inayovuja polepole ndani ya fuvu inaweza kukaa saa nyingi kabla ya kuonyesha dalili.